Mahindi ya Nane Nane na Mbegu ya Novemba

Wiki ya kwanza ya Agosti, wakati wa maonesho ya wakulima ya Nane Nane, ukipita viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya au vya Nzuguni kule Dodoma, utakuta vipando vya mahindi vimesimama kijani, mistari imenyooka, kila kipando na kibao chake: jina la mbegu, jina la kampuni, na gunia zinazotarajiwa kwa ekari. Watu hujazana hapo. Mmoja anamenya ganda na kubonyeza punje kwa ukucha, mwingine anahesabu mistari ya punje kwenye gunzi, 14 au 16, na akihesabu sawasawa hapati namba witiri, maana hindi halina tabia hiyo. Kisha wengi hukipiga picha kibao na kurudi nyumbani na jina la mbegu kwenye simu. Sina ugomvi na maonesho hayo. Ila kuna jambo ambalo kibao hakilisemi. Agosti ni kiangazi. Mbeya haijaona mvua ya maana tangu Mei, na Dodoma tangu Aprili. Mahindi yale yamemwagiliwa, tena kwa wakati, yamewekewa mbolea bila kubaniwa, na yamepaliliwa na watu wanaolipwa kuyapalilia. Yanakuonesha gunzi lilivyo, jani lilivyo na mmea unafika urefu gani. Hayakuoneshi mbegu hiyo itafanya nini pale mvua itakapokata wiki tatu shambani kwako, katikati ya Februari, na huna bomba.

Hoja yangu leo ni kwamba mbegu ya mahindi huchaguliwa kwa siku. Kabla ya kuuliza mbegu gani inazaa sana, mkulima aulize mvua ya shamba lake ina siku ngapi, na mbegu gani inaweza kuanza na kumaliza kazi yake ndani ya siku hizo. Mengine yote, mavuno, ladha, ukinzani wa magonjwa, yanafuata baada ya hapo. Na kwa kuwa mbegu zinazolingana na siku zako huwa moja au mbili tu kati ya zote zilizopangwa kwenye rafu, kuchagua kuna maana pale tu unapoagiza mapema, wakati mbegu hiyo bado ipo. Anayekwenda dukani mvua ikiwa imeshaloanisha udongo hachagui kitu, anauziwa iliyobaki.

Tuanze na siku zenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea. Kwenye mfuko imeandikwa, tuseme, siku 110. Mkulima anaichukua namba hiyo kama ahadi inayotimizwa popote. Lakini hindi hukua kwa kufuata joto, na joto hupungua kadiri unavyopanda juu, kwa wastani wa zaidi kidogo ya nusu nyuzi kwa kila mita 100. Mbegu inayokomaa kwa siku 110 kwenye mabonde ya Kilosa au Kilombero itakaa shambani wiki kadhaa zaidi ukiipeleka Njombe, kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana mfuko ulioandikwa vizuri hautaji siku peke yake. Hutaja na mwinuko, kuanzia mita kadhaa hadi mita kadhaa, na maelezo hayo mawili husomwa pamoja. Wakulima wengi hawajui mwinuko wa mashamba yao, na hilo si aibu, maana hakuna aliyewahi kuwauliza. Simu nyingi siku hizi zinaweza kuupima, na ofisa ugani wa kata anapaswa kuujua.

Ndani ya siku hizo zote kuna chache zinazobeba msimu mzima. Hindi linapotoa mbelewele juu na ndevu kwenye gunzi, kila uzi mmoja wa ndevu unaelekea kwenye punje moja. Uzi usipopata chavua, punje hiyo haipo. Ukame ukiingia wakati huo, ndevu huchelewa kutoka, chavua hupukutika bila mpokeaji, na unavuna gunzi lenye mapengo. Ukosefu wa maji wiki moja kabla ya kuchanua na wiki mbili hivi baada yake unaweza kukuondolea sehemu kubwa ya mavuno, hata kama mvua ya msimu mzima ukiijumlisha ilitosha. Sasa chukua kijiji cha Dodoma. Mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Huanza mwisho wa Novemba au Desemba, huisha Aprili, na katikati yake, mara nyingi Februari, hukata. Umepanda tarehe 10 Desemba. Mbegu ya muda mfupi inayochanua siku ya 50 itachanua mwisho wa Januari. Mbegu ya muda mrefu inayochanua siku ya 72 itachanua tarehe 20 Februari, pale pale mvua inapokuwa imekata. Shamba ni lilelile, mvua ni ileile, mbolea ni ileile, na wiki tatu za tofauti zinaamua nani avune na nani afyeke mabua ya kulisha ng'ombe. Kusema kweli, kwa sehemu kubwa ya Dodoma na Singida swali la kwanza lingekuwa kama upande mahindi au mtama na uwele, lakini huo ni mjadala wa siku nyingine.

Wapo watakaosikia hivi na kuhitimisha kwamba basi kila mtu achukue mbegu ya muda mfupi, ajihami. Hapana. Hasara ya kukosea upande wa pili ipo vilevile, ila haipigi kelele. Njombe, Makete na Rungwe mvua huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na kwingine inapita hapo. Mbegu ya muda mfupi iliyopandwa mapema huko itakomaa ilhali bado kunanyesha. Gunzi lililokomaa likiwa mvuani huingiwa na kuvu, punje nyingine huota zikiwa juu ya mmea, na mkulima hana jua la kukaushia. Juu ya hayo, mmea wa muda mfupi una majani machache na muda mdogo wa kujaza punje, kwa hiyo hata usipooza hautumii mvua yote uliyopewa. Aliye na siku 170 za mvua akapanda mbegu ya siku 120 amewaachia magugu maji ya siku 50. Wa Dodoma anapata hasara yake akiiona kwa macho. Wa Njombe anavuna gunia 10 na kushukuru, asijue kwamba shamba lilikuwa na uwezo wa 15 au zaidi. Na huko kwenye ukame nako kuna jambo la kuongeza: mahindi yanayobanwa na kiu wakati wa kujaza punje ndiyo yanayoingiwa kwa urahisi na kuvu wa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sisemi mbegu ndiyo iliyowaua, maana ukaushaji na uhifadhi vina sehemu kubwa katika habari hiyo, lakini hindi linalomaliza kujaza kabla ya ukame linaingia ghalani likiwa na afya kuliko lililokaushwa kwa nguvu.

Majirani zetu wa Kenya walilijenga wazo hili ndani ya mpango wao wa mbegu mapema sana. Kitale, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, mtafiti Michael Harrison alichukua mahindi yaliyokuwa yameboreshwa hapo hapo Kitale akayachanganya na mahindi kutoka Ecuador, yaliyojulikana kwa namba 573. Chotara hiyo iliyazidi mahindi ya Kitale kwa karibu asilimia 40, na mwaka 1964 ikatolewa kwa wakulima kwa jina la H611. Ikafuatiwa na ndugu zake, maarufu kuliko wote akiwa H614, mahindi marefu ya miezi sita hadi minane, ya nchi yenye mvua isiyo na haraka. Lakini mbegu hiyo iliyotikisa Trans Nzoia, eneo la Kitale, haikufanywa kuwa mbegu ya Kenya nzima. Kituo cha Katumani, karibu na Machakos, kipo kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, kwa hiyo si bondeni. Tatizo lake ni misimu miwili mifupi ya mvua isiyoaminika. Huko watafiti walitengeneza hindi jingine kabisa, fupi, la gunzi dogo, linalokomaa kwa miezi mitatu hivi, likaitwa Katumani. Ukiliweka kwenye kipando cha maonesho kando ya H614, watu watalicheka. Mwaka wa mvua chache, mpishi wa Machakos angekuwa na unga wa Katumani, na H614 ingekuwa bado inatafuta maji ya kutolea ndevu.

Matokeo ya kazi hiyo bado yamo kwenye majina yaliyoandikwa mifukoni, ukijua kuyasoma. Kwa Kampuni ya Mbegu ya Kenya, chotara ambazo namba zake zinaanza na 6 ni za miinuko, na zinazoanza na 5, kama H513, ni za mwinuko wa kati. DH ni za nchi kame, kama DH04, na PH ni za Pwani, kama PH4. Kampuni ya Seed Co inatumia majina ya wanyama: Duma 43, Punda Milia 53, Simba 61, Tembo 73. Hapo usitazame ukubwa wa mnyama, tazama tarakimu ya kwanza. Inavyopanda, ndivyo siku zinavyoongezeka. Tembo ni wa wenye mvua ndefu, na kumpeleka Kongwa ni kumtesa. Kwetu, herufi UH zinatokana na Uyole, kituo cha utafiti cha Mbeya, kwa hiyo UH6303 na UH615 zinakuambia zenyewe kwamba zimezaliwa nyanda za juu. Tahadhari ni moja tu: utaratibu wa namba wa kampuni moja usiuhamishie kwa nyingine. Kila nyumba ina hesabu yake.

Sasa niyajibu mapingamizi, maana yapo na mengine yana nguvu. La kwanza linasema: kwa nini ninunue kabisa, wakati wazee waliweka mbegu dohani na wakala? Jibu linategemea unaweka mbegu gani. Mbegu za kawaida, zile zinazochavushana zenyewe bila kusimamiwa, kama Staha, Kilima, Situka au TMV-1, unaweza kuzirudia hadi misimu mitatu bila hasara kubwa, mradi uchague vizuri. Kuchagua vizuri maana yake ni kuingia katikati ya shamba, mbali na mpaka wa jirani aliyepanda mbegu nyingine, mahindi yakiwa bado yamesimama, na kuweka alama kwenye mimea imara ambayo imezungukwa na wenzake pande zote, kwa sababu mmea uliokaa peke yake wenye nafasi ya kutosha hunenepa hata kama mbegu yake ni dhaifu. Uchukue magunzi mengi, mia moja na kuendelea, ili uzao usije kuwa wa ndugu kwa ndugu. Kuokota magunzi makubwa kwenye lundo nyumbani siyo kuchagua mbegu. Mbegu chotara ni habari nyingine. Nguvu yake inatokana na kutofanana kwa wazazi wake, na ukipanda punje zake, kwa chotara ya wazazi wawili, nusu ya nguvu ile ya ziada inapotea katika kizazi kimoja tu. Unabaki na shamba la mimea mirefu na mifupi, inayochanua kwa tarehe tofauti, na ile hesabu ya siku niliyoieleza inavurugika yote. Kwa hiyo asiye na uwezo wa kununua chotara kila mwaka asirudie chotara. Anunue mbegu ya kawaida inayofaa eneo lake mara moja, airudie kwa utaratibu, na baada ya misimu mitatu anunue upya. Huyo nampa heshima kuliko anayepanda chotara ya mwaka juzi akijidanganya kwamba amepanda mbegu bora.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili kabisa: nunua inayozaa kuliko zote, gharama italipwa na mavuno. Hapo tutazame namba kwa utulivu. Wastani wa mavuno ya mahindi Tanzania kwa miaka mingi umekuwa kati ya tani 1.5 na 2 kwa hekta, yaani gunia 6 hadi 8 za kilo 100 kwa ekari, wakati vibao vinataja 30 na zaidi. Vibao havisemi uongo. Vinataja kinachowezekana pale maji, mbolea na palizi vinapokamilika. Tuseme mbegu ya ekari inakugharimu thamani ya gunia moja. Anayevuna 20 ametumia sehemu ya ishirini ya mavuno yake kwa mbegu, naye akiongezewa gunia mbili na mbegu bora zaidi amepata faida. Anayevuna 6 ametumia sehemu ya sita, na kama hana mbolea, tofauti kati ya chotara ghali na chotara ya bei ya kati haitamfikia. Majaribio yaliyofanyika Kitale miaka ya 1960, baada ya H611 kutoka, yalionesha kwamba kuchelewa kupanda na kuchelewa palizi vilifuta sehemu kubwa ya faida ya chotara. Mwenye fedha za kununua mbegu ghali au mbegu ya wastani pamoja na mfuko wa mbolea, achukue ya pili.

Siku na mwinuko vikishakubaliana, hapo ndipo sifa nyingine ziitwe. Ugonjwa uje kwanza. Ule ugonjwa wa virusi unaojulikana kwa kifupi MLN uligunduliwa Bomet, Kenya, mwaka 2011, na mwaka uliofuata ukawa umeshaingia Tanzania. Unakausha majani kuanzia pembeni na kuacha gunzi tupu. Kituo cha kupima mbegu dhidi yake kilifunguliwa Naivasha mwaka 2013, na mbegu zenye ustahimilivu zimekuwa zikitoka tangu hapo, kwa hiyo eneo lenye historia ya ugonjwa huo lina haki ya kuuliza swali hilo dukani na kujibiwa kwa jina la mbegu. Nyanda za chini uliza kuhusu ugonjwa wa milia. Baada ya ugonjwa, tazama ganda: gunzi ambalo maganda yake yanafunika ncha na kubana haliingizi maji wala ndege, na fukusi huchelewa kulifikia kuliko lile lililojitokeza ncha. Halafu punje. Punje ngumu yenye mng'ao hukoboleka vizuri na kutoa sembe nyingi. Laini hupasuka kinuni na mashineni ikaishia kuwa pumba. Dumuzi, yule aliyeingia Tabora miaka ya karibu na 1980 na wakulima wakambandika jina la Skania, naye hupata shida zaidi kwenye punje ngumu, ingawa haachi kabisa. Akina mama wanaotwanga na kuhifadhi wanayajua haya kuliko muuzaji, na kaya ambayo baba hununua mbegu peke yake bila kumuuliza anayeipika imejinyima nusu ya ushauri.

Nije kwenye wakati wa kuagiza. Mbegu utakayoipanda Novemba haizalishwi Novemba. Kampuni ilishaipanda kwenye mashamba yake msimu uliopita, ikaivuna, ikaisafisha, ikaipeleka kupimwa, na kiasi chake kimeshajulikana. Ikiisha, imeisha, hakuna wa kuitengeneza nyingine wiki ijayo. Duka la pembejeo la mji mdogo nalo huleta kile kinachouzika haraka, si kile kinachofaa kata yako yenye bonde upande mmoja na mlima upande wa pili. Mwenye duka hana njia ya kujua kwamba watu 40 wa kijiji fulani wanataka mbegu ya siku 100 mpaka watu hao wamwambie, na wakimwambia Agosti au Septemba, wakiwa na malipo ya awali kupitia kikundi au chama chao cha ushirika, ataileta. Wakimwambia tarehe 28 Novemba, atawauzia aliyonayo na kuisifia. Na ni katika wiki hizo za mvua ya kwanza, duka limejaa watu na kila mtu ana haraka, ambapo nafaka ya kawaida iliyopakwa rangi hupenya ndani ya mifuko. Matapeli wa mbegu hawafanyi biashara Agosti. Mnunuzi asiye na haraka ana nafasi ya kutazama lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kukwangua namba iliyofichwa na kuihakiki kwa simu kama lebo inavyoelekeza, kusoma namba ya shehena na tarehe ya kupimwa. Kenya lebo ya namna hiyo ni ya KEPHIS.

Faida kubwa zaidi ya kununua mapema, kwa maoni yangu, ni kwamba unaweza kupima mwenyewe. Hesabu punje 100 kutoka kwenye mfuko, zipange juu ya kitambaa chenye unyevu, zikunje, zikae kivulini siku saba huku ukizinyunyizia maji. Zikiota 90 au zaidi, panda bila wasiwasi. Zikiota 75, rudi dukani na mfuko, lebo na risiti, na kwa kuwa ni Septemba, muuzaji ana mbegu nyingine na wewe una siku. Kipimo hicho kinakula gramu 30 au 40 tu za mbegu. Ukikifanya Desemba kitakuambia ukweli uleule, ila hautakusaidia.

Kuna anayesema: Agosti fedha zipo, lakini zina wenyewe, kuna deni la mbolea, kuna bati, kuna harusi ya mtoto wa dada. Hili ni pingamizi la kweli. Lakini fedha za Novemba ni ngumu zaidi, na nyingi zinatoka kwa mkopeshaji au kwa mahindi ya chakula. Gunia moja likitengwa siku ya kupukuchua, likaitwa la mbegu na kuuzwa kwa kazi hiyo tu, limemaliza jambo. Kisha anauliza mbegu ataihifadhi wapi miezi mitatu. Ndani ya mfuko wake, pakavu, penye kivuli na hewa, juu ya kichanja, si chini ya bati linalowaka mchana kutwa wala kando ya mfuko wa mbolea, na mbali na mikono ya watoto, kwa sababu ile rangi iliyopakwa mbegu ni dawa.

Wa mwisho ni msomi kidogo. Anasema Mamlaka ya Hali ya Hewa bado haijatoa utabiri wa msimu. Kwa nini nichague mbegu kabla ya kujua mvua itakuwaje? Nauheshimu utabiri huo, lakini tuuelewe unavyozungumza. Hutaja maeneo mapana, na husema mvua inatarajiwa kuwa ya wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Hauwezi kukuambia mvua itakata tarehe ngapi kwenye shamba lako. El Niño ileile inayojaza mito ya Pwani na kaskazini wakati wa vuli haina ahadi ileile kwa mikoa ya kusini. Kwa hiyo chaguo la msingi lijengwe juu ya misimu mingi iliyopita, na utabiri utumike kurekebisha. Mwenye ekari tatu katika eneo la mvua ya kati anunue mapema mbegu ya siku zake kwa ekari mbili, na ya muda mfupi kwa ekari moja. Utabiri ukija mbaya, au mvua ikichelewa hadi mwisho wa Desemba, ile ya muda mfupi ndiyo itakayopandwa mwisho, bado ikiwa na siku za kutosha. Mbegu mbili zinazochanua kwa tarehe tofauti zinapunguza uwezekano wa kiangazi kimoja cha wiki mbili kukuchukulia shamba lote. Ni kweli zinakupunguzia kidogo mavuno ya mwaka mzuri. Kwa kaya inayokula inachovuna, hiyo ni bei ya haki.

Basi, ndugu msikilizaji, kabla ya Agosti kwisha nenda duka la pembejeo ukiwa na namba tatu kwenye karatasi: mwinuko wa shamba lako, mvua ilianza lini na ikakata lini kwa misimu mitano iliyopita, kadiri wewe na majirani mnavyokumbuka, na ekari utakazolima kweli, si zile unazotamani. Kwa ekari moja, nafasi ya sentimita 75 kwa 30 inahitaji mashimo karibu 18,000, kwa hiyo kilo 8 hadi 10 zinatosha pamoja na za kurudishia. Usimwambie muuzaji akupe mbegu nzuri, kwa sababu zote atasema ni nzuri. Mwambie mvua yako ina siku ngapi, na aanzie hapo. Na siku utakapoufungua mfuko, usitupe lebo; iweke pamoja na risiti mpaka utakapomaliza kupukuchua.